Vyeo vya Kaporali Atumani

Mzee Atumani wa Kabambare alitoka jeshini mwaka 1985 akiwa kaporali, mpishi wa kampani. Leo ni kapiteni, na tangu siku ile hajavaa buti.

Aliyempandisha ni ukoo. Watu wanapokaa kuzungumza mahari, msemaji hutaja wakubwa wa familia, na haipendezi wakwe wadhani binti ametoka kwa watu wa sufuria. Kwa ndoa ya binti yake Jeannette, Atumani alikuwa sarja. Kwa ndoa ya Laetitia, ajida. Mwaka huu, kwa mjukuu wake Carine, wakwe walitoka Kasongo na mwalimu mkuu mmoja na mashemasi wawili. Ikabidi awe kapiteni. Mwenyewe alikuwa anakula. Hakuna aliyemuuliza.

Shida ilikuja na sikukuu ya uhuru. Safari hii majina ya wazee waliokwenda vitani yangesomwa mbele ya watu, kila familia ilete karatasi yake. Binti yake Véronique, mwalimu mwenye mwandiko mzuri, akaandika: Kapiteni Atumani, shujaa wa vita vya Shaba.

"Futa kapiteni," mzee akasema.

"Baba, wakwe watakuwa pale. Unataka Carine arudishwe?"

"Michel naye atakuwa pale, anatoka Lusangi na pikipiki. Alikuwa sarja yangu. Sasa anisalimie namna gani?"

"Akusalimie vizuri tu. Uko mukubwa wake sasa."

Mzee hakucheka. Wale waliokula chakula chake kule Shaba wamekwisha wote, amebaki huyu Michel. Mbele ya watu wengine angekubali hata ujenerali.

Véronique hakufuta.

Siku ikafika, wanafunzi wakapita na bendera, kisha msomaji akaita: "Kapiteni Atumani." Mzee akabaki kwenye kiti. Akaitwa tena. Wakwe wakageuza shingo.

"Kapiteni huyo hayuko," Atumani akasema. "Iko kaporali Atumani, mupishi."

Véronique akaanza kukagua kitenge chake kana kwamba amekiona leo.

"Huyo namujua," Michel akasema kutoka nyuma. "Alitulisha maharagi mabichi siku tatu."

"Siku mbili, sarja. Kuni zililowa."

Michel akafikiri. "Mbili," akakubali.

Bulaimu, mkubwa wa wakwe, akamwinamia Véronique. "Mama, kumbe mupishi? Sisi tulikuwa tunahangaika, kapiteni tutamukalisha wapi siku ya karamu ya Carine."

"Na sasa?"

"Sasa atakaa na sisi."

Msomaji, mtu wa utaratibu, akakata neno moja kwenye karatasi, akaita upya: "Kaporali Atumani."

Mzee akasimama mara moja. Akaligeuzia jukwaa mgongo, akampigia Michel saluti, na kwa vile Michel naye hakuwa na haraka ya kuirudisha, wakuu walioketi jukwaani wakangoja.