Kibao cha Mbawakawa

Ukiona mlango wenye maandishi yaliyonyooka kama yamepigwa chapa, ujue Mama Brashi alipita hapo. Alishaandika milango ya hospitali na ubavu wa malori ya maziwa, mpaka lile onyo la "Usikojoe hapa" kwenye ukuta wa shule, ambalo watu walilisoma, wakalisifia mwandiko, kisha wakakojoa. Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa vibao vya ukumbi wa mimea kwenye jumba la makumbusho: majina ya kisayansi, herufi nyeusi zilizolalia kulia, kila moja imeshuka kwa pumzi moja.

Halafu kiharusi kikamshika. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukagoma katakata. Binti yake akaificha ngazi. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Kaa utulie." Na kila akipita alimchungulia mlangoni kama mtu aliyebandika maziwa jikoni.

Mama Brashi hakutulia. Alianza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwanza kwa chaki sakafuni, baadaye kwa brashi kwenye mabati chakavu. Kwa hiyo mtunza wadudu wa makumbusho alipokuja kutafuta mwandishi wa vibao vya ukumbi mpya wa wadudu, alimkuta ana rangi mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Wakubwa wangu wanataka herufi za kukatwa na mashine. Nimewabembeleza wakupe kibao kimoja cha kujaribu. Kikifaa, ukumbi mzima ni wako. Kisipofaa, sina la kuwaambia."

Akamtajia jina lenyewe: Adesmia. Mama Brashi akacheka.

"Hilo nililiandika zamani, kule kwenye mimea. Kichaka cha miiba, jamii ya kunde. Umekosea ukumbi, mwanangu."

"Sijakosea. Kuna mbawakawa naye anaitwa hivyohivyo. Mweusi, miguu mirefu, anatembea mchangani jua likiwaka. Watu wa mimea wana kanuni zao za majina, na watu wa wanyama wana zao. Jina likishachukuliwa huku, kule bado liko huru."

"Na hawagombani?"

"Wagombanie nini? Nani atamchuma mbawakawa akidhani ni ua?"

Alipoondoka, kicheko kikamkauka Mama Brashi. Wadudu wote walioko duniani, yeye apewe huyu! Watu wangetoka ukumbi mmoja waingie wa pili, walione jina lilelile kwa mkono wake mzima, kisha kwa huu. Angeweza kuomba jina jingine. Hakuomba.

Siku zilizofuata alikifunga kibao mezani kwa vibano, kwenye chumba cha kazi alichotumia pamoja na mumewe, fundi baiskeli. Shida ilikuwa mlalo. Jina la kisayansi linataka kulalia kulia, na mkono wa kushoto unalivutia kwake. Herufi ya pili ilianguka kinyumenyume kama mlevi anayetafuta ukuta. Akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaandika, akafuta tena.

"Mama Brashi, kibao utakitoboa," mumewe alisema.

"Shughulika na minyororo yako."

"Nakuona unavyojikunja. Shingo huko, bega huku, kama unapita chini ya uzio. Mimi baiskeli ikinisumbua naipindua magurudumu juu. Sijipindui mimi."

Mama Brashi akakitazama kibao. Akalegeza vibano. Akakizungusha kibao mpaka ncha ya kulia ikapanda juu, jina likawa kama linakwea mlima. Akashusha brashi. Mkono ukavuta ulikozoea kuvuta, na herufi ikalala inakotakiwa.

"Alaa!" alisema fundi. "Na shukrani?"

"Shukrani utaikuta mezani, ukinawa mikono."

Mtunza wadudu alirudi rangi ikiwa bado mbichi. Alikitazama kibao kwa karibu, akakitazama kwa mbali, akajikuna kidevu.

"Kizuri, mama. Ila herufi ya mwisho inachechemea kidogo. Gusa hapo tu, tumalize."

Mama Brashi aliiona. Alikuwa ameiona tangu mwanzo, akatumaini haitaonekana.

"Herufi haitiwi kiraka," alisema. Akachovya kitambaa, akalifuta jina lote kwa mkupuo mmoja.

"Mama! Wananisubiri!"

"Kaa kwenye kigoda hapo."

Akakizungusha kibao, akachovya brashi, akaikamua ukingoni mwa kopo. Fundi aliacha kupiga pampu. Mama Brashi aliandika bila kusita, herufi baada ya herufi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Alipofika ya mwisho hakupunguza mwendo. Kisha akakigeuza kibao kikakaa sawa.

Mtunza wadudu alitoa simu, akafungua picha ya kibao cha mimea, akalinganisha. "Si mkono uleule," alisema taratibu. "Hizi herufi zina matumbo kidogo."

"Si uleule. Ule umegoma, huu ndio ulioajiriwa. Zinayumba?"

Akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Hapana. Hazitetereki."

"Basi?"

"Basi mashine wataipeleka kwingine." Akasimama, akakishika kibao kwa kingo asiguse rangi. "Kesho nitakuletea vibao vingine."

"Kuna gari hapo nje?"

"Lipo."

"Vilete leo. Kopo nimeshalifungua, rangi ikikaa inaota ngozi."