Kipande Kimoja cha Kasha la Bibi

Nina tabia mbaya ambayo rafiki zangu wameizoea: nikiona samani yenye nakshi za kupachika, naigeuza nitazame chini yake. Wiki iliyopita, kwenye nyumba ya wageni mpya pale Nyakato, Musoma, niliinamisha meza ya chai mpaka mhudumu akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Nikamjibu sijapoteza kitu. Haikuwa kweli, na wewe nitakueleza kwa nini.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kijijini karibu na Kibara, miaka ile ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu tu. Tulifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje, ambao bibi alisema unanuka gunia. Mboga ilikuwa furu, visamaki vidogo vya ziwani tulivyovianika juu ya mwamba, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru. Na chumbani kwake, juu ya matofali manne ili lisiguse udongo, lilikaa kasha.

Lilikuwa la mbao nyekundu. Mfuniko wake ulichimbwa ukajazwa vipande vyeupe na vyeusi, vikafanya maua na nyota. Kila Jumamosi bibi alilipaka mafuta, na mafuta ya mgando yalipoadimika akatumia ya samaki, nyumba ikanuka wiki nzima. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonyeshwa. "Mume wangu alitoka nalo Pwani, alipokuwa manamba kwenye mkonge," alisemaga. "La zamani sana hili. Hivi vyeupe ni ndovu, pembe yenyewe." Wageni walishika midomo. Babu sikumkuta hai. Nilimjua kupitia kasha lile.

Kisha ukaja msako. Walitafutwa walioficha bidhaa, na mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Watu wenye vipande viwili tu vya sabuni walivitupa ziwani kwa hofu. Halafu tukasikia kwamba kijiji cha pili wamemchukua mzee mmoja kwa sababu ya bangili za pembe za ndovu. Tangu siku hiyo bibi hakula vizuri. Mbwa akibweka, anasimama. Kijiji kizima kilijua kasha lake, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza.

"Mdomo uliponza kichwa," alirudia, huku akichambua furu wale wale aliokwisha kuwachambua. Alitaka tulizamishe kasha ziwani.

Nilikuwa na miaka kumi na sikujua kunyamaza. "Bibi, nani alikwambiaga ni ndovu?"

"Babu yako."

"Na yeye alijuaje?"

Alinitazama kama nimemtukana marehemu.

Alipokwenda kuchota maji, nilichukua kisu nikajaribu vipande kimoja kimoja. Vingi viligoma. Kimoja, jani dogo karibu na bawaba, kilitoka kwa kidole gumba. Nikakifunga kwenye pindo la gauni na kukimbia hadi shuleni Kibara, ambako fundi seremala kutoka Butiama alikuwa akitengeneza madawati.

Alikilowesha kwa mate, akakiinua juani. "Njoo uone. Unaona vitundu vyeusi kama vya sindano? Humo ilipita damu. Huu ni mfupa. Ndovu haina vitundu hivi, ina mistari inayopishana kama wavu. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, binti, paja la ng'ombe haliwezi kunidanganya." Akakigeuza, akakwangua mgongo wake kwa ukucha. "Na gundi hii ni ya kiwandani, ya juzi juzi. Wa zamani walichemshaga ngozi."

"Kwa hiyo kasha si la zamani? Si la Pwani?"

"Sijasema hivyo. Lileteni lenyewe. Kipande kimoja ni kama jino moja, hakikwambii ukoo wa mtu."

Nilikuwa nimeshageuka. Mfupa! Nilipofika nyumbani nilimkuta bibi ana balozi wa nyumba kumi na mgambo wawili, kasha limeburutwa uani, na majirani wamejaa ua wa minyaa.

"Leo ndovu atalia!" alitania jirani yetu mmoja, mama aliyeonyeshwa kasha lile mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Mama, si ndilo hili ulilotuimbia miaka yote?" balozi aliuliza kwa upole, bila kumtazama usoni.

Bibi aliweka kiganja juu ya mfuniko. Angeweza kusema si ndovu, na asingepoteza kitu zaidi ya neno la mumewe. Hakusema. Nikapenya katikati yao.

"Ni mfupa wa ng'ombe! Fundi amesema. Tazameni, una vitundu. Na gundi ni ya juzi. Halijatoka Pwani hili, babu alidanganywa!"

Mgambo mmoja alikitazama kile kipande, akamrushia mwenzake. "Kumbe ng'ombe!" Ua mzima ukaangua kicheko. Wakaondoka wakicheka. Bibi aliliburuta kasha ndani peke yake, akikataa nimsaidie.

Hakulipaka mafuta tena. Alilihamishia jikoni, likawekwa unga, kisha kuku wakalitagia, na mchwa wakafuata. Biashara ilipofunguliwa, sabuni zikajaa na mitumba ikafika mpaka Kibara, walikuja pia wanunuzi wa vitu vya kale. Majirani waliwaambia wasijisumbue.

Nilikuwa chuo kikuu, maktaba, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilipokuta kitabu cha makasha ya zamani. Kilisema kipande kinachotoka kirahisi mara nyingi ni kiraka, kilichopachikwa baadaye. Nikausoma ukurasa ule mara ya pili. Nikakumbuka kwamba nilichokitoa kilikuwa cheupe kama chaki, na vilivyogoma vilikuwa vya manjano, kama meno ya mzee. Gundi ya juzi ilikuwa ya kiraka. Mimi, ninayemuuliza kila mhadhiri ushahidi wake, nilihukumu kasha zima kwa kipande nilichokichagua kwa sababu ni chepesi. Nilipanda basi hadi Bunda, nikaunga hadi Kibara. Bibi tulikuwa tumeshamzika, na kasha lilikuwa limeshakuwa kuni. Furu nao hawapo siku hizi, sangara amewamaliza. Labda lilikuwa mfupa mtupu tangu mwanzo. Labda sivyo. Hakuna tena cha kumpelekea fundi.

Jioni ya siku ile ya mgambo, tukiokota furu mwambani, bibi aliniuliza mara moja tu, taratibu: "Mjukuu wangu, una uhakika?"

Nikamjibu haraka, kama darasani: "Ndiyo, bibi."