Fomu Tuliyojaza Jumapili

Jumapili ile tulipika ugali. Jiko la bweni letu halikuwa na mwiko, kwa hiyo Wekesa alisonga kwa kipande cha ubao alichokichonga mwenyewe, na kila mara alituhakikishia kwamba amekiosha. Unga niliuleta kutoka London kwenye begi la michezo. Sukuma wiki haikupatikana, tukala na kabichi. Nje kulikuwa na kondoo, ukungu, na barabara moja nyembamba iliyokwenda kijijini.

Kambi yenyewe ilikuwa ya matofali mekundu, katikati ya mashamba ya Uingereza. Ilijengwa kwa ajili ya farasi, wakati vita vilikuwa bado vya farasi. Farasi walipoondoka wakaja vijana wa vita vikuu vya kwanza, kisha wa vya pili, kisha wengine, mwisho sisi, Wakenya wawili tuliokuja kutafuta riziki katika jeshi la Waingereza. Mvua ikinyesha, na huko ilinyesha kweli, stoo yetu ya vifaa ilinuka kinyesi cha farasi waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Nyuma ya zizi la zamani palikuwa na ukuta ambapo kila askari aliyekuwa akienda vitani alichora jina lake kwa msumari. Mengine yalikuwa yamekwisha kuliwa na kuvu. Hakuna aliyeamrisha desturi hiyo na hakuna aliyeikataza.

Karani alikuwa ametupa fomu za kwenda vitani tuzirudishe Jumatatu. Palikuwa na nafasi ya kuandika jamaa wa karibu, yule atakayeambiwa likitokea la kutokea. Wekesa aliiacha wazi mpaka tukamaliza kula.

Mama yake, jina lake Nasimiyu, wa Webuye, aliamini kwamba mwanawe anapanga maboksi kwenye ghala. Mumewe alikuwa askari, akarudishwa nyumbani ndani ya jeneza, na siku ya maziko mama huyo alisema mbele ya watu wote kwamba hakuna mtoto wake atakayevaa gwanda tena. Wekesa alikuwa na miaka tisa siku hiyo. Alikumbuka hata nguo aliyovaa mama yake.

Wazo lilikuwa langu. Naliandika hapa waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nilipenda kusema "tuliamua".

"Niandike mimi, sema ni ndugu yako," nilimwambia. "Kukiwa na neno, waje kwangu. Mama nitamwambia mwenyewe, polepole."

"Na tukienda sote?"

"Basi fomu haitatuhusu."

Tulicheka. Aliandika Mutua, jina langu, kwa herufi kubwa. Jioni, kabla jua halijazama, alikwenda nyuma ya zizi na msumari. Sikumfuata. Nilikuwa naosha sufuria.

Miezi mitatu ya kwanza kule Afghanistan, vita vilikuwa kutembea. Tulitembea asubuhi kabla ya joto, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele kwa kuogopa mabomu ya ardhini. Wekesa alinitania kwamba nikirudi Machakos nitashindwa kupita sokoni bila kumfuata mtu. Tuliwazoea watoto waliotuomba kalamu. Tulizoea pia kuwaogopa, jambo ambalo sijivunii.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunavuka mtaro pembeni mwa shamba la mizabibu. Wekesa alikuwa wa tatu. Mimi wa tano.

Sikusikia mlio. Niliona vumbi, kisha nikamwona wa nne amekaa chini kama mtu aliyechoka.

Nilitambaa.

Wekesa alikuwa hai. Aliniuliza kwa Kiswahili kama viatu vyake vipo.

Nilimwambia vipo.

Havikuwapo.

Helikopta ilikuja. Haikuchelewa. Haikusaidia.

Mchana afisa aliniita kwenye hema. Alivua kofia, akasimama wima, akanipa rambirambi kama jamaa wa karibu, kwa maneno yale yale ambayo angempa mzazi mlangoni. Damu ya rafiki yangu ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Aliniuliza kama kuna mwingine wa kuarifiwa. Nilisema nitawaambia mimi. Sina la kumlaumu. Alifanya kama fomu ilivyosema.

Mtu akifa kule, simu zote za kambi zilifungwa mpaka jamaa aambiwe. Jamaa alikuwa ameambiwa. Simu zikafunguliwa. Nilikaa mbele ya simu dakika ishirini, namba ya Webuye mkononi, nikitafuta sentensi ya kwanza. Niliogopa. Nikajiambia nitapiga kesho, nikishapata maneno. Wahenga wamesema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hawakusema ni tumbo la nani.

Kesho yake, kabla sijapiga, jina lilitangazwa. Mama Nasimiyu alilisikia kwenye redio akiwa anapukuchua mahindi.

Nilipiga mchana huo. Alipokea Nafula, dada yake Wekesa. Alisema mama hawezi kuongea na mtu. Nilipiga tena baada ya wiki, nikajibiwa vivyo hivyo, nami nikaona nafuu. Sikwenda maziko, vita viliendelea na nilikuwa ndani yake. Mkataba ulipoisha nilimfuata mke wangu, nesi, mpaka Sydney. Na Nafula tuliandikiana kila Krismasi. Habari za mama yake tulizipitia kando.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Mwaka wa pili wa Korona tulifungiwa Lidcombe, mtaa wetu wa Sydney, nikiruhusiwa kutoka kwenda kazini tu, kuwahudumia wazee. Bankstown, mtaa wa jirani, askari vijana walipita mitaani wakigonga milango kuona nani yuko ndani. Nilipowaona nilitazama viatu vyao kwanza. Bado naviangalia viatu vya kila askari.

Wakati huo ilikuja barua pepe kutoka kwa Bi Joan, mwalimu mstaafu wa kile kijiji cha karibu na kambi. Kambi ilikuwa imefungwa, inavunjwa ijengwe nyumba, na yeye alikuwa anaandika historia yake tangu enzi za farasi. Wenzangu wa zamani walimpa anwani yangu. Alitaka ruhusa ya kuchapa picha ya Wekesa. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye ndugu yake. Alikuwa na swali jingine. Kwenye ukuta wa zizi, katikati ya majina, palikuwa na neno ambalo hakuna aliyelijua, na hakulipata kwenye orodha ya askari yeyote. Aliambatisha picha.

NASIMIYU.

Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Kwenye fomu hakumwandika mama yake. Alikuwa amemwandika ukutani.

Ningeweza kumjibu Bi Joan mwenyewe. Kwa karatasi nilikuwa na haki zote. Siku mbili nilizunguka sebuleni, na binti yangu, anayekisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akanitazama na kusema, "Just call her, Dad." Nikapiga. Nafula alimpa mama yake simu.

Nilimweleza yote kwa mpangilio: fomu, wazo langu, dakika ishirini, barua ya Bi Joan na jina ukutani. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Nilijua ni askari," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mtandao.

"Alikuja likizo akalala hapa. Asubuhi nikapata kitanda kimetandikwa, shuka imevutwa, kona imekunjwa. Baba yake alikuwa anatandika hivyo hivyo. Mtu wa maboksi hatandiki hivyo, Mutua. Nikanyamaza. Ningesema, angeona haya kuja nyumbani."

"Mama, sikujua."

"Mimi nilijiandaa kuambiwa. Hata viti nilikuwa nimeviweka vizuri, nikijua siku moja watu wa jeshi watakuja. Sikujiandaa kusikia kwa redio, na hindi liko mkononi."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema hilo tutaona, kisha akauliza jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Nikamwambia kubwa. Akataka kujua kama watavunja ukuta huo. Nikamwambia utavunjwa, lakini nitamwomba Bi Joan tofali lenye jina lake litunzwe.

"Picha waweke," alisema. "Ila waandike mtoto wa Nasimiyu. Wewe ni rafiki yake. Inatosha."

Ndivyo nilivyomwandikia Bi Joan, nikimwomba afute lile neno ndugu. Tangu hapo nilipiga Webuye kila Jumapili. Tulizungumza mvua, mbolea, barakoa, na jinsi Sydney nilivyofungiwa kama ndama. Habari za msamaha hakuzirudia, na mimi sikumuuliza.

Miezi miwili baadaye nilikuwa chumba cha mapumziko kazini, barakoa imeshushwa kidevuni, mkate mkononi. Nafula alipiga. Haikuwa Jumapili.

Aliniuliza kama nimekaa. Nikakaa.

"Mama ametuacha, Mutua. Sasa hivi, nusu saa haijaisha. Wajomba bado sijawaambia, wala kanisa. Aliacha neno. Alisema, siku hiyo mpigie Mutua kwanza, asije akasikia kwa watu."

Nilimshukuru. Nilimwambia awapigie wajomba sasa. Mipaka ilikuwa bado imefungwa na sikuweza kwenda kumzika, kama ambavyo sikumzika mwanawe. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka kengele ya mzee wa chumba cha sita ilipolia. Kwa dakika za kwanza, nje ya nyumba ile ya Webuye, hakuna aliyejua isipokuwa mimi.