Sanduku la Syntiche

Yaya wangu Virginie, dada yangu mkubwa, aliuza vitabu vya watoto pale soko la Katuba, vile vinavyofika kutoka Ulaya ndani ya balo za mitumba, vimeshachoka kusomwa na wengine. Kabla ya kuvipanga alikisoma kila kimoja hadi mwisho. Kama ndani mtoto mwanamke anafagia tu huku kaka yake anarusha ndege, basi! Kitabu kile alimpa muuza karanga afungie karanga zake. Nilimwambia, "Yaya, weye iko mwenda wazimu." Alinicheka.

Hakuwa mwenda wazimu. Baba alimtoa shule ili kaka yetu mkubwa, Paulin, apate kumaliza masomo. Yaya hakusahau hata siku moja.

Vile vilivyompendeza kabisa, msichana anaendesha kamio la mizigo, mvulana anapika mboga ya sombe na kumbeba mdogo wake mgongoni, hakuviuza. Aliviweka katika sanduku la bati kwa ajili ya Syntiche, mtoto wake mmoja tu, wa miaka tisa.

Mwaka jana sukari ilimlaza hospitalini. Alinishika mkono, Syntiche akiwa amekaa palepale kitandani. "Christiane, ile sanduku ni ya Syntiche. Usiache baigawe."

"Yaya, ninaapa mbele ya Mungu."

Akafa siku ya Jumanne. Maskini yaya wangu!

Kilio kilipokwisha, Paulin alikaa katikati ya jamaa kugawa vitu vya marehemu. Kwetu mkubwa akigawa, mdogo habishi. Ukibisha, watasema unagombania mali juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Paulin si mtu mbaya. Aligawa huku machozi yanamtoka. Akafungua sanduku, akaangalia picha za juu tu, wavulana wawili wa jamaa wakiwa wamesimama karibu.

"Kamio! Hii ni ya batoto banaume. Michée, kamata. Ndege, ya Dieumerci. Mupira, ya Dieumerci tena."

Rubani wa ndege hiyo kitabuni alikuwa msichana mwenye nywele za kusuka, lakini Paulin aliona ndege peke yake. Kile cha mvulana anayepika alikigeuza mara mbili, akakitupa kando ya mbabula ya makaa. Sanduku likabaki tupu.

"Syntiche, mwana wangu, weye utabeba masufuria ya mama yako."

Syntiche hakumtazama mjomba wake. Alinitazama mimi. Mama yangu! Mimi, ambaye wauza samaki wote wa Katuba wanaogopa mdomo wangu, niliinamisha kichwa nikahesabu maua ya kitenge changu. Nilisikia akipiga magoti kama tunavyowafundisha wasichana, akimwambia mjomba wake, "Aksanti, tonton."

Sasa anaishi kwangu, mtaa wa Hewa Bora. Anaosha vyombo bila kutumwa. Nikimwita, anaitika haraka, "Ndiyo, mama mudogo." Lakini hajaniomba kitu, hata kalamu ya shule. Anaomba kwa jirani.