Mche Uliofungwa Utepe wa Kanga

Bibi yangu alinusa ugoro tangu mama yangu hajazaliwa, na mbegu ya tumbaku yake hakuinunua hata siku moja. Alipewa na mama yake alipoolewa, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, na kila mwaka alipanda, akavuna, akafunga nyingine. Kitambaa kilining'inia juu ya jiko la kuni, mahali ambapo moshi unafukuza wadudu. Kisha wajomba zangu wakamjengea nyumba ya bati, wakabomoa jiko la zamani, na katika pilikapilika zile kitambaa kikachomwa pamoja na nyasi za paa. Tangu hapo akawa ananusa ugoro wa sokoni, na hakukosa la kusema.

"Huu wamechanganya na mavi ya ng'ombe. Napiga chafya kama mbuzi."

Mimi sikumaliza darasa la sita. Nimepasua mbao Mafinga, nimevuna tumbaku Chunya, nimepakia mchele Rujewa. Nikisikia kuna kitu sijakiona, siwezi kutulia. Ndivyo nilivyofika kwenye shamba moja la majaribio nje ya jiji la Mbeya, nikapewa kazi ya kujaza udongo kwenye viriba vya miche. Pale palikuwa na banda la wavu, na ndani yake vimea vifupi vya kufika magotini, majani laini kama sikio la ndama, maua meupe membamba. Nikamuuliza fundi aliyelitunza banda ni mimea gani.

"Tumbaku."

"Tumbaku naijua, fundi. Nimeivuna misimu miwili. Hii si tumbaku."

"Ni tumbaku ya Australia. Huko inaota yenyewe porini, kwenye mawe. Sisi tunaipaka maji ya majani ya maharage yanayoumwa. Kama kuna virusi, huu mche unaugua kwanza. Hauna kinga hata ya mafua."

Nikauliza kama kuna watu wanaoitumia. Akasema amesikia kwa wataalamu kwamba wenyeji wa kule wanachuma tumbaku za pori za aina hii, wanatafuna majani pamoja na jivu la miti.

"Jivu la mti gani?"

"Miti ya kwao. Jamii ya hii miwati yetu. Kwani hujui mwati nao ulitoka huko huko?"

Sikujua. Nimekulia kwenye vilima vilivyojaa miwati, nimechoma mkaa wake, na sikujua. Bibi naye alichanganya jivu kwenye ugoro wake. Siku ile nilijaza viriba huku nikiwaza watu wa mbali wasiomjua bibi yangu na wanaofanya kama yeye. Jioni nikamsimulia fundi habari za bibi, akanipa tunda moja kavu la mche ule. Mbegu zake ni vumbi tupu.

"Ukiulizwa, mimi sikujui," akasema.

Nyumba ya bibi iko kwenye mteremko juu ya Ipogolo, malori ya barabara kuu yanasikika mpaka ndani. Aliniona nikipanda njia akapaza sauti.

"Mume wangu kaja! Umeniletea kitu, au umeleta njaa tu?"

Nikamfungulia karatasi niliyofungia lile tunda. Akaisogeza karibu na macho, akaziba pua kwa kanga asije akazipuliza mbegu. Kesho yake alichoma moto vijiti juu ya kituta kuua magugu, akachanganya mbegu na jivu kiganjani ili aone zinapoangukia, akazimwaga zote. Tulipata miche kumi na minne, tukaihamishia chini karibu na mto. Majani ya kwanza aliyakausha juu ya jiko, akayakaanga kwenye kigae, akayasaga kwenye jiwe, akatia jivu la mwati. Akanusa. Machozi yakamlenga.

"Inakuja polepole, kama mgeni mwenye adabu," akasema. "Halafu inakaa. Si kama wewe."

Tukacheka. Kisha akasema jambo moja tu alilolitaka: mbegu yake mwenyewe tena, ya kufunga juu ya jiko kabla hajafa.

Jumapili moja nilipigiwa simu kwamba Rujewa mavuno yameanza. Bibi alikuwa kanisani. Nikasema nisiondoke bila kumfanyia kazi, nikashuka mtoni. Chunya nilifundishwa kwamba tumbaku ikitoa maua unayavunja, na vichipukizi unaving'oa, ili nguvu yote iende kwenye majani. Mche mmoja, mrefu kuliko mingine, ulikuwa umefungwa utepe wa kanga kuukuu. Nikadhani ameufunga kwenye kijiti usilale. Nikavunja maua ya miche yote kumi na minne, nikaosha mikono, nikapanda basi.

Siku mbili baadaye alipiga kwa simu ya jirani.

"Ni wewe uliyekata maua?"

"Ndiyo, bibi. Yote. Majani yatakuwa makubwa, utaona."



"Ule wenye utepe ulikuwa mama wa mbegu," akasema. "Tangu enzi za mama yangu, anayeona utepe haugusi." Kisha, taratibu: "Basi. Ulitaka kunisaidia."

Afadhali angenitukana. Alisubiri miche ichipue tena, lakini baridi ya Juni ikaingia, majani yakapata madoadoa, ikafa yote.

Nilimwahidi mbegu nyingine. Kutoka Rujewa nilikwenda moja kwa moja kwa fundi, akanipa matunda mawili. "Mpelekee bibi yako, usizunguke," akasema. Nikayafunga kwenye karatasi, nikayaweka kwenye mfuko wa shati. Mbalizi nikasikia kuna mtu anatafuta maji ya visima kwa kufuata fimbo inavyoinama. Nilitaka kumwona kwa siku moja. Nikakaa naye miezi miwili, tukichimba. Kila bibi alipopiga nilimwambia nakuja wiki hii, naye alijibu, "Haya, jivu liko tayari."

Wiki ya mwisho tulikuwa tunachimba milimani, hakuna mtandao. Niliposhuka nilikuta simu saba za jirani. Nilifika Ipogolo siku ya tatu baada ya mazishi.

Juu ya jiko kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kitambaa. Kilikuwa kipande cha kanga ile ile ya utepe, kimefuliwa, kimekunjwa tayari kufungwa, ndani hamna kitu. Chini yake palikuwa na sufuria lililotoboka, limejaa jivu lililochekechwa.

Nikachanganya mbegu na jivu lile kiganjani kama alivyonionyesha. Sijaondoka tangu siku hiyo. Miche imeota tisa, mmoja nimeufunga utepe na sijaugusa, na tunda lake limekauka. Kitambaa juu ya jiko sasa kina kitu ndani.

Majani ya mingine niliyasaga, maana yangeoza. Sikuwahi kunusa ugoro maishani mwangu. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikanusa. Ulikuja polepole, kama alivyosema. Kisha nikapiga chafya kama mbuzi, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.