Upande wa Pili wa Karatasi

Mtaani wanamwita Bi Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Hata msibani alishawahi kwenda nayo. Kwenye kushona hana mpinzani, na kwenye kuchokonoa maneno ndiyo usiseme. Mteja anaingia kupimwa gauni, anatoka ameshasimulia ndoa yake yote.

Tatizo ni kwamba Bi Futi huandika. Kila mteja ana karatasi yake ya kaki, ile ya kukatia kitambaa, imetundikwa kwenye msumari wake ukutani. Upande mmoja una vipimo. Upande wa pili una mambo. "Huyu akisema amepungua, pima mara mbili." "Anamsifu mkwewe huku amekunja ngumi." Siri hiyo aliijua mdogo wake tu, mshona vifungo, ambaye akizisoma hucheka hadi sindano inamponyoka.

Bi Futi alianza kuandika hivyo walipofiwa na mama yao, aliyemwachia cherehani. Siku ya kupanga vitu vya marehemu aliikuta karatasi ya mama mwenyewe: kifua thelathini na sita, mabega kumi na tano, urefu hamsini na mbili. Basi. Angeweza kumshonea mama gauni likamkaa sawasawa, lakini yale maneno ambayo mama alikuwa akiyasema huku anakanyaga cherehani yalikuwa yameshaanza kumtoka kichwani. Ilimuuma mno. Tangu hapo hakuziamini namba peke yake.

Sasa juzi mdogo wake, kwa haraka zake, akakunja gauni la mwalimu mkuu mstaafu pamoja na karatasi yake, akamkabidhi. Bi Futi kuangalia ukutani, msumari mtupu! Mwalimu yule, wanaume wazima na ndevu zao huzima sigara wakimwona. Na upande wa pili wa karatasi yake palikuwa na haya: "Mkali kama pilipili. Ila nilipompima kwapani alicheka kama mtoto, akasema marehemu mumewe tu ndiye aliyejua kwamba anatekenyeka."

"Umetumaliza," Bi Futi akamwambia mdogo wake. "Akilitangaza hili, nani atakuja tena kuinua mikono humu ndani?"

"Hama mtaa, dada. Mimi nitabaki na cherehani."

Siku ya tatu Mwalimu akaingia, karatasi mkononi. Bi Futi akasimamisha cherehani.

"Haya umeandika wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe."

"Nani mwingine ameyasoma?"

"Huyu mdogo wangu tu." Mdogo mtu akainamia kifungo ambacho alishamaliza kukishona.

"Na kwa nini unaandika mambo ya watu?"

Bi Futi akatafuta uongo wa haraka, akaukosa. "Kwa sababu nasahau, Mwalimu. Mama yangu mwenyewe nimeshamsahau nusu."

Mwalimu akaisoma tena ile karatasi, taratibu. "Miaka sita sasa," akasema, "nilidhani aliyejua kicheko changu ameondoka nacho." Akaweka mkoba chini, akainua mikono. "Haya, nipime."

"Umeleta kitambaa gani, Mwalimu?"

"Kitambaa sina. Geuza karatasi, uandike. Marehemu alikuwa ananinyatia na kunitekenya kila nikisahihisha madaftari, na sijawahi kumsimulia mtu."

Bi Futi akaivua futi shingoni, akaitundika kwenye ule msumari mtupu, akatafuta kalamu.