Ndugu Aliyeachwa Kisimani

Mke wangu alikuwa Tanga, akinisubiri mwaka wa nane, nami nilitakiwa kusaini mkataba mwingine wa kazi. Jioni hiyo nilikaa na Msudani anayechunga ngamia wa watalii hapa Doha.

Akanisimulia kwamba karne nyingi zilizopita, misafara ya jangwani iliacha ndugu mmoja kwenye kila kisima alinde chumvi yao ya biashara. Ndugu huyo alioa hapo, wengine wakamfuata, na kisima kikawa mji wenye soko na msikiti.

"Babu yetu aliachwa hivyo."

"Na mke aliyemwacha kwao?"

"Huyo hatumjui," akasema, akicheka kidogo. "Wewe nawe umeshakuwa mtu wa kisimani."

Sikucheka. Asubuhi niliurudisha mkataba ofisini bila sahihi.